Alichokiona Jael Kwenye Chati

Jael Osiako alizaliwa Shianda, katika boma lililozungukwa na miwa pande tatu. Babake, mzee Hezekiah, alikuwa mkulima wa miwa kama majirani zake wote, ila kiwanda cha sukari kilipowauzia wakulima hisa, yeye alinunua, na tangu siku hiyo hakujiita mkulima tena. "Mimi ni mwenye kampuni," aliwaambia watu sokoni. Watu walicheka, naye alicheka pamoja nao, lakini hakuwa anatania.

Ni yeye aliyemfundisha Jael kusoma bei za hisa gazetini. Jumapili wakitoka kanisani, mtoto alipitisha kidole kwenye safu za tarakimu mpaka afikie jina la kiwanda.

"Imepanda ama imeshuka?"

"Imepanda, baba."

"Basi mwambie mama yako tunachinja ingokho." Na kuku alichinjwa kweli.

Jael alikuwa na kichwa cha hesabu. Akasoma chuo kikuu Kakamega mjini, na alipomaliza akaajiriwa na wakala mmoja wa hisa Nairobi. Hakuanzia juu. Kazi yake ilikuwa kuwafungulia wateja akaunti na kupokea simu za watu waliokasirika kwamba gawio limechelewa. Lakini meza yake ilipakana na ya Kiprono, mchambuzi wa chati za bei, mtu mkimya aliyekunywa chai ya rangi kutwa. Kiprono hakujali kampuni inatengeneza nini wala mkurugenzi wake ni nani. Alitazama mwendo wa bei tu.

"Watu husema mengi," alimwambia Jael. "Lakini mtu akiuza, ameuza. Bei inakuonyesha wanachofanya, achana na wanachosema."

Maneno hayo yalimwingia. Wenzake wakienda nyumbani, yeye alibaki akichora chati. Akajifunza kutafuta sakafu, yaani ile bei ambayo hisa ikishuka hadi hapo wanunuzi hujitokeza na kuiinua tena. Akajifunza pia kwamba sakafu ikivunjika, usisimame chini yake ukishangaa. Alifanya mitihani ya taaluma ile, akaanguka mmoja, akaurudia, akapita. Kiprono alipostaafu, kiti chake kilipewa Jael.

Nyumbani babake alijitahidi kuielewa kazi hiyo. "Kwa hivyo unaangalianga milima siku mzima," alisema alipoonyeshwa chati kwenye simu.

"Na mabonde, baba."

"Na wanakulipa!" Akapiga paja kwa furaha, akaenda kumsimulia jirani yake Elkanah.

Kisha ikafika zamu ya kiwanda chao. Hisa yake ilikuwa imechoka kwa miaka, ila kila iliposhuka, sakafu ileile iliidaka. Asubuhi moja sakafu ikavunjika, na wauzaji wakawa wengi kama siafu. Jael aliitazama chati, akaenda kunawa uso, akarudi kuitazama tena. Halafu akawaandikia wateja: uzeni, msingoje. Wengi walimsikiliza.

Mwisho wa juma hilo alikwenda Shianda. Babake alikuwa ametoka hospitalini baada ya kupasuliwa, na mamake, Emily, alikuwa amewaalika wazee wa kanisa waje kushukuru. Baada ya maombi, mzee Hezekiah alisimama akishikilia mgongo wa kiti. Shati lilimpwaya mabegani.

"Huyu ndiye ananichungia kampuni yangu huko Nairobi," alisema akimwelekea Jael. "Hebu waambie, mama. Kampuni yetu iko aje?"

Mikono ilitulia juu ya obusuma, ugali wa kwao. Elkanah aligeuka amsikie vizuri. Jael akatazama uso wa babake, jinsi ulivyongoja sifa.

"Iko sawa, baba," alisema. "Itainuka tu."

Wazee wakapiga makofi.

Alijiambia kwamba atamweleza kesho wakiwa wawili. Kesho yake mzee alilala mchana kutwa, na Jael hakutaka kumwamsha. Baadaye alijiambia atampigia simu. Alipiga mara nyingi, wakaongea juu ya kidonda, mvua, na ng'ombe aliyezaa. Huku nyuma bei ilizidi kuzama, mpaka hisa ile ikasimamishwa sokoni. Kiwanda nacho kikanyamaza, na miwa ikazeeka shambani bila mkataji.

Shemeji wa jirani Elkanah alikuwa mmoja wa wateja walioandikiwa. Habari ikatembea kama zinavyotembea habari, ikafika bomani. Jael alipokuja tena alimkuta babake shambani aking'oa visiki vya miwa.

"Jael," alisema mzee. Kwa kawaida alimwita mama. "Ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Siku ile ya wageni?"

"Siku ile."

Mzee alikwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. "Singeuza," alisema. "Unanijua. Singeuza hata askofu angenipigia magoti. Lakini ungeniambia. Watu usiowajua uliwaambia ukweli, mimi ukanibembeleza kama mtoto."

Jael alitaka kutaja hospitali, kidonda na lile shati lililompwaya. Hakuweza, kwa sababu moyoni alijua si hayo peke yake. Alikuwa amependa yale makofi.

Leo Jael ameacha kazi ya Nairobi, anaishi Kakamega, karibu na nyumbani. Amepanga chumba juu ya duka la mbolea na mbegu, na kutoka hapo huwachambulia chati wateja wa mbali kwa mtandao. Jumamosi asubuhi hufundisha darasa la walimu na vijana wa mjini wanaotaka kuijua kazi hiyo. Wanamsifu kwamba hafichi kitu: hisa ikifa, anasema imekufa, hata kama mwenye hisa hiyo ameketi mbele yake akilia. Sifa hiyo haimfurahishi. Wakianza kumsifu, huinama kutafuta chaki.

Mchana, darasa likiisha, huenda Shianda. Babake sasa analima maharagwe na viazi vitamu. Humpokea vizuri, humuuliza barabara ikoje na kanisa la mjini linaendeleaje. Habari za hisa haulizi.

Mwaka huu, msimu wa kupanda, Jael alijikaza. Wakiwa shambani wakipanda alianza mwenyewe kumweleza juu ya hisa moja iliyoonekana kupata nguvu, na kwa nini alidhani itapanda. Mzee aliacha kazi, akamsikiliza mpaka mwisho, kwa ile adabu anayopewa mgeni.

"Asante, mwalimu," alisema.

Kisha akamwomba amsogezee ndoo ya mbegu.