Msiba wa Akida

Tulikuwa watatu: mwongozaji, mpiga picha na mimi, mhariri. Mwalimu wetu chuoni alitaka filamu fupi ya upelelezi ya kumalizia mwaka, na kundi lisilowasilisha lingerudia mwaka mzima. Tukachagua wakati wa Mjerumani. Akida, mtoza kodi aliyewekwa na Wajerumani, anakutwa amekufa asubuhi ya siku ya kodi. Askari kijana anatumwa kutoka boma la Morogoro apande Uluguru kumtafuta muuaji. Kitambaa cha khaki cha sare ya askari tulipewa na Mhindi mmoja mwenye duka mjini, kwa sharti la kuambiwa muuaji ni nani kabla ya watu wengine.

Picha tulipigia Kinole, kwao mpiga picha. Bibi yake mzaa mama alikuwa na mdogo wake wa kiume, mzee mrefu mwenye sauti nzito, na huyo alikubali kuwa akida kabla hatujamaliza kumweleza. Sharti letu lilikuwa moja tu: dada yake apewe taarifa. Kwao ukoo unafuata upande wa mama, na dada yule ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Bila neno lake hakuna shughuli inayofanyika pale.

"Niachieni mimi," mzee alisema. "Dada yangu nitamwambia mwenyewe."

Mwenyekiti wa kitongoji tulimwambia. Majirani wa karibu tuliwaambia, na watatu kati yao, wanawake, walikubali kulia mbele ya kamera. Asubuhi ya kupiga picha mzee alilazwa uani kwenye kitanda cha kamba, akavishwa sanda ya bafta. Alidai pamba puani pia.

"Mnataka maiti au mnataka mtu aliyelala?" alituuliza.

Picha yenyewe ilikuwa hii: askari anafunua sanda, anaona alama ya kamba shingoni mwa akida, na hapo anajua ameuawa. Filamu nzima ilisimama juu ya ile alama. Tuliichora kwa masizi na mafuta. Tulipiga mara ya kwanza, wanawake wakalia vizuri. Mwongozaji akataka tena. Mara ya pili walilia zaidi, mmoja wao machozi ya kweli yakamtoka.

Hakuna kati yetu aliyefikiria bonde. Kilio kule milimani hakiishii uani. Kinavuka, na anayekisikia hangoji kuulizia. Dada mtu alikuwa ng'ambo, kwenye shamba lake la mdalasini, na alijua sauti ile inatoka kwa nani.

Alifika akiwa peke yake, ndala moja mguuni. Wanawake wakanyamaza. Alisimama pembeni ya kitanda, akaitazama ile sanda, na mimi niliyekuwa nimeshika kifaa cha sauti nilisikia pumzi yake kwenye masikio yangu kama vile yuko ndani ya kichwa changu. Halafu maiti akakohoa.

"Dada," mzee alisema kwa sauti ya puani. "Niko mzima. Ni picha tu hii."

Dada mtu alisogea. Aliinama, akamtoa pamba pua moja, kisha ya pili, kwa vidole vyake. Ndipo akakaa chini.

"Si ulisema umemwambia?" mwongozaji alimuuliza mzee.

"Ningemwambia angekataa."

Na huko mteremkoni watu walikuwa wanakuja. Wanaume na majembe, wanawake na mizigo ya kuni kichwani, unga umefungwa kwenye kanga, kwa maana msibani huendi mikono mitupu. Walimkuta marehemu amekaa kitako anajifuta masizi. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alimuuliza, "Wewe, unajiita kaburini?" akageuka akaenda zake. Unga ule haukurudi nyumbani kwa mtu. Kilichotolewa kwa msiba hakirudishwi, bibi alisema, kwa hiyo ukapikwa, na watu wakala kimya kama waliozika.

Jioni bibi alituita.

"Shikamoo bibi," tukasema wote watatu.

"Marahaba. Leteni hicho kidude."

Mjukuu wake akampelekea kamera.

"Yumo humo, kwenye sanda?"

"Yumo, bibi."

"Mtoe. Nikiona."

Mwongozaji akaanza kumbembeleza. Kwamba ni masomo. Kwamba bila picha ile hatuna filamu, na bila filamu tunarudia mwaka. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nikitangulia mimi, au akitangulia yeye, hii picha mtaifanya nini? Watoto wake wamwone amekufa mara mbili?" Akamgeukia mjukuu. "Mtoe."

Mpiga picha akafuta, moja baada ya nyingine, na kila moja alimwonyesha kwanza. Mwongozaji alitoka nje. Nilimsikia ukutani: "Tumekwisha. Oya, tumekwisha."

Chuoni nilikaa na kile kilichobaki. Askari anafika, askari anahoji, askari anamkamata muuaji, katikati, shimo. Umeme ulikuwa unakatika mchana, kompyuta inazima na kazi yangu, ninaanza upya. Nilipitia kila kipande, hata vile vya kamera iliyoachwa inajiendesha. Kimoja kilikuwa cha mwigizaji wetu wa askari akisubiri zamu yake. Kola ya khaki ilikuwa inamwasha. Anatazama chini, anapeleka mkono shingoni, anajishika pale, taratibu. Niliweka kilio kabla yake na ukimya baada yake. Mpiga picha alipokiona alisema, "Kanyongwa."

Alama ilikuwa imepatikana bila maiti. Lakini kifo chenyewe bado hakikuwa na uzito, mpaka nilipokuta kipande cha mteremko. Kamera ya pili iliachwa inaangalia bonde, nayo ilikuwa imenasa wote: majembe, kuni, kanga, na mbele yao bibi, anakimbia. Kwa umbali ule hakuna ambaye angejua ni mwaka gani.

"Weka," mwongozaji alisema. "Hapo hatuna sanda wala nini."

"Nyie, huyo ni bibi yangu," mpiga picha alisema. "Alikuwa analia kweli."

Tukapanda tena Kinole. Bibi alitazama kwenye kompyuta, mdogo wake amekaa kando, na muda wote bibi alikuwa amemshika kifundo cha mkono. Alipojiona anakimbia alitaka arudishiwe nyuma. Nikarudisha. Akataka tena.

"Iacheni," alisema. "Lakini huyu mmemuua, na mwisho sijamwona. Mwonyesheni yuko hai. Kabla watu hawajainuka. Na asivae kanzu ya akida, avae nguo zake."

"Bibi, lakini amekufa kwenye hadithi," mwongozaji alisema.

"Hadithi ni yenu. Huyu ni wangu."

Tulipiga palepale, mlangoni kwake. Mzee, shati lake la mistari na ndala, anakuja anapiga hodi. Hatukumpangia bibi maneno. Aliuliza kutoka ndani:

"Nani?"

"Mimi, dada."

"U mzima?"

"Mzima."

"Basi ingia."

Kurudi mjini mwongozaji alinishika mkono. Tuwe na nakala mbili, alisema: ya bibi, na ya mwalimu isiyo na kile kipande. Filamu ya upelelezi wakati wa Mjerumani haiwezi kuisha na marehemu kavaa ndala za plastiki. "Bibi hatakuja chuoni. Atajuaje?" Sikumjibu, na yeye akachukua kimya changu kuwa ndiyo.

Siku ya kuonyesha, bibi alikuja. Mjukuu wake alikuwa amemwalika. Alikaa safu ya mbele na mdogo wake, na mwongozaji, akiwa nyuma yao, alinitazama mimi niliyekuwa kwenye kompyuta. Filamu ilikwenda. Askari akashika shingo, darasa likatulia. Watu wakashuka mteremko. Muuaji akafungwa mikono, skrini ikawa nyeusi, na kwenye weusi ule nikamwona mwongozaji anaanza kuinuka.

"Hodi," ikasema skrini.

Hakukuwa na nakala ya pili. Sikuitengeneza. Mwongozaji akakaa.

Baada ya "Basi ingia" kuna waliocheka, kuna waliopiga makofi. Mwalimu alisubiri wanyamaze. Alisema tumejenga fumbo vizuri, na kisha tumelibomoa kwa mikono yetu wenyewe.

"Ile shoti ya mwisho," akasema, "nani aliiamua?"

Mwongozaji alitazama sakafu. Mpiga picha alinitazama mimi. Nilikuwa nimefungua mdomo.

"Mimi," bibi akasema kutoka safu ya mbele.

Mwalimu akaweka kalamu chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo, mama." Akaichukua tena kalamu.

Alama alitupunguzia vilevile, lakini tulipanda darasa.