Kiboksi Ndani ya Sanduku la Mama

Cheka, nimeshazoea. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na mwalimu wa fizikia akisimulia mambo ya namna hii watu humuuliza kama amelala vizuri. Lakini haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mwenyewe, nikiwa macho, mchana kweupe, sebuleni kwangu Ipagala.

Ilikuwa miaka ile kampuni za watu binafsi zilipoanza kutuuzia intaneti majumbani, na mwenye kompyuta mtaani alisalimiwa hata na watu asiowajua. Walinifungia antena juu ya bati, waya ukashuka hadi chumba alichokuwa akilala marehemu mama, kwenye kiboksi cheupe chenye taa za kijani. Kutoka hapo intaneti ilifika sebuleni bila waya. Mwanzoni ilikwenda vizuri. Kisha ikaanza kutambaa, na siku ninayokusimulia ilitambaa kuliko siku zote.

Na siku hiyo ndiyo mdogo wangu Zaituni alikuwa anaolewa, huko India alikokuwa anasoma, na kijana wa Tanga aliyesoma naye. Baba yetu alishafariki, kwa hiyo walii wake, wa kumwozesha, nilikuwa mimi. Barua ya uwakala niliyoituma haikufika. Sheikhe wa huko akasema hafungishi ndoa kwa sauti ya simu tu. Anataka aione sura ya kaka mtu na amsikie akiozesha. Saa nane mchana kwa saa zetu. Nikikosekana, ndoa haifungwi, wageni wanarudi makwao. Tena Zaituni alikuwa na jeraha lingine: mama alifariki mwaka uliotangulia, naye hakuwahi mazishi. Asubuhi ile alinipigia simu akaniambia, "Kaka, angalau wewe nikuone."

Niambie, ungefanya nini? Nilizima nikawasha. Nilipanda juu ya bati na kanzu yangu mpya, nikaipangusa antena vumbi. Nilimpigia fundi wa kampuni, akaniambia nizime niwashe, kisha akasema atakuja Jumatatu. Nikamshuku hata jirani yangu, mhasibu mpole wa watu, kwamba ananiibia intaneti, nikabadilisha neno la siri. Wapi! Zaituni alitokea kwenye skrini vipande vipande, pua imeganda, sauti inakuja "ka... ka..." na kupotea. Mke wangu alikuwa mbele ya nyumba ya jirani na akina mama wakipika pilau, wazee walikuwa bado msikitini. Nilikuwa peke yangu, jasho linanichuruzika.

Saa saba na nusu nikasikia hodi. Wazee wetu hawakupenda tuzurure jua la utosi. Walisema saa hiyo njia zina watu wake. Mimi sikuwa na nafasi ya kuyakumbuka hayo.

"Karibu," nikasema, bila kugeuka.

"Naomba maji, mwanangu. Jua kali."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, imekwaruzwa na vumbi. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba. Nikaenda jikoni kinyumenyume, niamini, macho yangu kwenye skrini, nikamletea glasi ya maji. Nilichoona ni kucha zenye hina na pindo la buibui. Akaketi kwenye kigoda karibu na mlango, nyuma yangu.

"Unahangaika na nini?"

"Intaneti, bibi. Nzito." Nilimjibu vile tunavyowajibu wazee tukiwa na haraka, na ninaona aibu kukwambia.

"Inatokea wapi?"

"Kuna kiboksi, kipo chumbani."

"Chumbani wapi?"

"Kwenye sanduku."

"La bati?"

Mikono ikanisimama. Upepo wa vumbi ulipoanza, mwezi mmoja nyuma, nilikitia kile kiboksi ndani ya sanduku la mama, nikapitisha nyaya kwenye tundu la kitasa kilichong'oka, nikashusha kifuniko. Ndivyo tulivyo: redio tunaivisha kitambaa, vikombe vizuri tunavifungia kabatini mpaka aje mgeni. Lakini mimi, mwalimu mzima, ninayesimama ubaoni kila mwaka kuwaambia watoto wa watu kwamba chuma huzuia mawimbi!

"Kitoe kipate hewa," akasema yule bibi, na nikamsikia anacheka kidogo.

Nikakimbia. Nilipoinua kifuniko harufu ya udi wa mama ikanijaa puani. Kiboksi kilikuwa kimelalia kisutu, khanga ya harusi ambayo mama alimwekea Zaituni tangu yuko shule ya msingi, na nyaya zilikuwa zimejisokota humo. Nikavitoa vyote, kiboksi nikakiweka dirishani, kisutu nikarudi nacho sebuleni. "Nishikie, bibi," nikasema, nikamwachia mapajani bila kumtazama, nikarukia kiti changu.

Picha ikafunguka. Zaituni mzima mzima, hina hadi viwiko, sheikhe pembeni yake. Nikaulizwa, nikajibu, nikamwozesha mdogo wangu, na kijana wa Tanga akasema amekubali. Nililia, sikufichi. Lakini Zaituni hakuwa ananitazama mimi. Alitazama juu ya bega langu, machozi yanamtoka huku anatabasamu.

"Kaka," akasema, "mbona amejitanda kisutu changu? Mama huyo, kaka. Anacheka."

Niligeuka. Kigoda kilikuwa kitupu. Glasi ilikuwa chini, maji yamebaki nusu. Kisutu kilikuwa juu ya kigoda, kimekunjwa pembe ndani ya pembe, mkunjo ambao mama alimfundisha Zaituni peke yake, kwa sababu mimi, alisema, mikono yangu ni ya kukunja magazeti. Nikatoka mbio barabarani. Hakukuwa na hata kuku. Akina mama wa pilau, waliokaa wakilitazama lango langu muda wote, waliapa kwamba hakuingia mtu.

Leo Zaituni ana watoto watatu. Kisutu anacho yeye, na tangu siku ile hajalia tena kwamba hakuwahi mazishi. Ninayelia ni mimi, mara mojamoja. Mama alikuja kwangu, akaniomba maji, akakaa nyuma ya mgongo wangu nusu saa nzima, na mimi nikamwita bibi. Kiboksi hakijarudi sandukuni. Mke wangu analalamikia vumbi, ninakipangusa mwenyewe.

Basi wewe, intaneti ikiwa nzito usimtukane fundi wala jirani. Tazama kwanza umekificha wapi kiboksi chako. Na mtu akipiga hodi nawe uko mbele ya skrini, hata kama India nzima inakusubiri, mpe maji, lakini geuza shingo umtazame usoni. Mimi siku ile shingo haikuwa inaniuma. Sikuigeuza tu.