Fimbo Haikudanganya Chiola

Swalehe alikaa Ruangwa, na kwa miaka kumi na moja alipata ugali wake kwa kupima ardhi za watu kabla hawajajenga. Kazi hiyo hakuifanyia masihara. Unazamisha fimbo ya chuma yenye mapezi manne nchani, unazungusha mpini taratibu, na saa iliyo juu inakuonyesha udongo umekatika kwa nguvu gani. Ikisema kumi, unaandika kumi. Basi Agosti zamu ikaangukia kwao, Chiola, kwenye kiwanja cha zahanati.

Wanawake wa pale walikuwa wamejiandaa, masikini. Waliposikia wapimaji wanakuja, siku tatu nzima walikimwagia kiwanja maji na kukitwanga kwa michi, vile wanavyopiga sakafu ya nyumba mpya. Aliyewaongoza ni Mwantumu, mama yake Swalehe. Binti yake Hadija, dada yake Swalehe, alikuwa na mimba ya miezi miwili, ile ya kwanza ilishamharibikia njiani akipelekwa hospitali, na zahanati waliahidiwa itafunguliwa Februari. Kiwanja kikang'aa. Nani angewaambia kwamba fimbo haina habari na juu?

Ilipovuka nusu mita, ikazama kama kwenye uji. Swalehe alihamisha mara nne, saa ikagoma kupanda. Mama yake akasogea karibu.

"Ongeza kidogo, mwanangu. Nani atajua?"

Hakuongeza. Aliandika alichokiona, na chini yake akaandika kwamba panajengeka, ila msingi uwe mpana. Injinia Brighton, bosi wake, akatia saini. Wakubwa wa mradi wakasoma namba, wakaishia hapo hapo, zahanati ikahamishiwa kata nyingine yenye ardhi ngumu. Mstari mmoja tu uliwashinda kusoma, watu wazima na miwani yao!

Machi mvua ikakata barabara. Hadija alishikwa na uchungu asubuhi, wakampakia kwenye bodaboda, ikanasa matopeni. Saa saba mchana walimrudisha amefunikwa kanga, na mtoto tumboni.

Swalehe alifika wameshazika. Alimkuta mama yake mkekani, akamnyooshea mkono, mama hakuupokea.

"Ile namba uliyoandika ilikuwa ya kweli?"

"Ya kweli, mama."

"Haya. Nenda kaburini ukamwambie Hadija."