Samaki wa Loretta Hawajaiva

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini Loretta Hruska kila akisifiwa aliongeza samaki. Tangu ujana wake, kila Ijumaa ya Kwaresima, alisimama mbele ya karai la mafuta katika ukumbi wa zimamoto wa Dunmarsh, Pennsylvania, akikaanga samaki wa kuuza ili shule ya mji ipate vitabu, na safari hii mtambo mpya wa kupasha madarasa joto. Kule kila shule hulishwa na kodi ya majengo ambayo wenye nyumba wa mji wake hulipa. Kiwanda cha chuma kilipofungwa nyumba zikakosa thamani, kodi ikapandishwa mpaka watu wakalia, na bado watoto walisoma wamevaa makoti. Ng'ambo ya kilima, Ashcombe, kodi ni ndogo na shule ina bwawa la kuogelea. Haki gani hiyo, na jimbo ni lilelile?

Mjukuu wake Tessa ana pumu. Baridi ya darasani ilikuwa imemlaza hospitali mara mbili majira hayo.

Mheshimiwa Pruitt, mbunge wao katika bunge la jimbo, alikuja kula kama kawaida yake, na apigwe picha. Jumanne bunge lingeupigia kura muswada wa kugawa upya fedha za shule ili miji maskini ipate zaidi. Akasimama na sahani yake mkononi.

"Jamani, wenzenu wanalilia serikali, nyie mnakaanga samaki! Mji kama huu unajitosheleza. Muswada wa nini?"

Ukumbi ukapiga makofi. Loretta naye alishainua mikono apige, ikaganda hewani. Kumbe! Samaki wake ndio waliokuwa kisingizio cha kuwanyima. Alijiona mjinga, kisha hasira ikampanda. Akazima jiko.

"Wifi, umechanganyikiwa?" Stasia, dada wa marehemu mumewe, alimpokonya mwiko. "Foleni imefika barabarani!"

"Irudi nyumbani."

"Na mtambo? Na Tessa je?"

"Nimekaanga hadi nimezeeka, Stasia, na mtoto bado analazwa kwa baridi. Tunajipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Mheshimiwa akacheka. "Mama Loretta, usinifanyie hivyo bwana. Nina njaa."

"Pole. Nenda ukale Ashcombe. Wao hawakaangi, lakini wanashiba."

Watu waliguna, wengine wakamtukana waziwazi. Padri wao akamsihi awashe jiko. Hakutikisika. Jumanne alipanda basi kwenda bungeni na wanawake wote waliokuwa wakikaanga naye jikoni, Stasia akiwa wa mwisho kupanda na wa kwanza kupiga kelele. Wakajipanga juu, mahali pa wageni, wamevaa aproni zenye madoa ya mafuta. Mheshimiwa aliinua macho, akawaona, akafuta jasho. Akapiga kura ya ndiyo.

Muswada ulianguka.

Ijumaa Mheshimiwa akaja ukumbini, akaukuta umefungwa, Loretta mlangoni na funguo mfukoni.

"Si nimewapigia kura yenu, mama? Hata kipande kimoja?"

"Ahsante kwa kura. Muswada umepita?"

"Haujapita. Lakini mwakani—"

"Na samaki hawajaiva," Loretta alisema. "Chukua aproni, mheshimiwa. Basi la Ashcombe linaondoka kesho saa nne asubuhi. Tunaenda kugonga milango ya wabunge waliopiga kura ya hapana, tukianzia huko, na wewe unatangulia."