Kamba ya Kaka Masalu

Nakumbuka Jumamosi zetu za ziwani, Ilemela, Mwanza, enzi ambazo mtoto akila mchanga hakuna aliyekimbilia hospitali. Mama akifua, sisi tulicheza kamba. Kaka Masalu, mkubwa wetu, alisimama katikati na ncha moja ya kamba ya katani. Mmoja wetu alishika nyingine na kukimbia kumzunguka, juu ya mchanga unaonuka dagaa. "Atakayerarua nguo ataenda kanisani na gunia," Mama alisema bila kuinua kichwa. Tukichoka, tulikula michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, pamoja na karanga.

Masalu alikuwa sekondari, na fizikia ilikuwa imemkolea. Alituambia hivyo ndivyo dunia inavyoishika setilaiti: inaivuta kutwa kucha, lakini kwenye njia ya duara mvuto huo haufanyi kazi yoyote juu yake. Nilimbishia huku nikimzunguka na ncha yangu ya kamba. Avute siku nzima, halafu kazi iwe sifuri?

"Nimekuongezea mbio?"

"Hapana, kaka."

"Nimekupunguzia?"

"Hapana."

"Basi. Mimi navutia kwangu, wewe unakimbilia ubavuni. Nakugeuza tu."

Akaachia kamba. Nilinyooka mpaka majini, na nguo zangu za kanisani.

Tulipokua, dada yangu Sabina aliolewa Dar, ndugu yetu Lukas akapata kazi Dodoma, mimi nikahamia Misungwi kufundisha. Masalu alibaki nyumbani. Hakututumia nauli wala kumgombeza mtu, alipiga simu tu, akauliza, "Mnakuja lini?" Na kila Desemba tulikuja, watoto wetu wakajazana sebuleni. Tulimtania kwamba yeye kazi yake ni kukaa.

Tulimzika Masalu watoto wetu wakiwa bado wadogo. Desemba iliyofuata kila mmoja alikuwa na udhuru, tena udhuru wa kweli. Hatukugombana, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hakuna hata wa kupatanishwa na mwenzake.

Vijana wetu wana bahati yao. Simu zao huwaonyesha hata paa la nyumba ile kutoka angani, ingawa hawajui mlango wake uko upande gani. Mwezi uliopita binti wa Sabina alikuja Mwanza kikazi, akalala hotelini. Sabina aliponitajia hoteli yenyewe, niliijua: ndiyo anayofanyia kazi mwanangu, mapokezi. Nilimuuliza kijana. Alimkumbuka mgeni huyo vizuri. Alimpa ufunguo, akamwita madamu, akamtakia usiku mwema.