Maswali Matatu ya Mwalimu Kalondu

Mwalimu Kalondu alikuwa na miaka arobaini na saba alipoamua kuwa mwanafunzi tena, na wenzake shuleni walicheka mpaka wakapaliwa na chai. Kwa miaka ishirini alikuwa amefundisha darasa la nne, ambalo siku hizi huitwa Gredi ya Nne, katika shule moja karibu na mtaa wa Makina. Sasa alitaka kuwa mkutubi.

"Mkutubi wa nini na shule haina laibrari?" akauliza Mwalimu Shivachi, ambaye hakosi neno kwa jambo lolote.

Kalondu alijimiminia chai. Angemwambia nini? Kwamba Jumamosi asubuhi nyumba yake ya Kawangware, karibu na kituo cha matatu cha 46, humlemea kwa kimya, na chuo ni mahali pa kwenda? Hayo hayasemwi mbele ya watu wanaokunywa chai.

Muia, mumewe, alikwenda Juba kutafuta kazi. Kazi akaipata, na mke mwingine akampata huko huko. Binti yao Kamene yuko chuo kikuu Eldoret, na simu zake ni fupi, za mtu anayesubiriwa na wenzake mlangoni. Kwenye ploti yao ya nyumba za kupanga majirani husalimiana vizuri, kisha kila mtu hufunga mlango wake. Mtu aliyezoea sufuria kubwa hajui kipimo cha ugali wa mtu mmoja. Kalondu alikosea kipimo hicho karibu mwaka mzima, asubuhi akawa anakula kiporo.

Basi alisoma. Jumamosi alijifunza chuoni kupanga vitabu kwa namba, kuvishona vinapochanika na kuandika daftari la kuazima. Siku nyingine alifundisha. Mwalimu mkuu alimpa stoo ya nyuma iwe maktaba, yalimolala madawati mabovu tangu nani ajuaye lini. Aliisafisha, akaipaka rangi kwa mkono wake mwenyewe, akapanga humo vitabu mia tatu vya hadithi vilivyotolewa na kanisa moja. Kilichobaki ni mazoezi ya muhula mmoja. Mkaguzi wa chuo angekuja kuona kama watoto wanaazima vitabu kwa hiari yao. Wasipoazima, hakuna cheti, na mwalimu mkuu alikwisha kusema wazi kwamba ikiwa hivyo madawati mabovu yatarudi mahali pake.

Wiki ya kwanza chumba kilijaa mpaka mlangoni. Wiki ya tatu walikuja watoto kumi na mmoja. Wiki ya tano walikuja wawili, na mmoja wao alikuwa anakimbia mvua.

Kosa lilikuwa lake, ila mwenyewe hakuliona. Mtoto akirudisha kitabu, Kalondu alivua miwani, akamvutia kiti, akauliza: Ulimpenda nani humu? Kwa nini alifanya vile? Ungekuwa wewe, ungefanyaje? Maswali yalikuwa matatu kila mara. Alikuwa amevisoma vitabu vyote jioni kwake, na hakuna hata nafsi moja aliyoweza kuisimulia. Alimngoja yule mtoto tangu asubuhi ili wazungumze, basi. Lakini mazoea yana taabu. Sauti ilitoka ya mwalimu, na kidole kikanyooka chenyewe. Mtoto akajibu huku anatazama viatu vyake. Siku moja alijibiwa vizuri sana, na kabla hajajua anafanya nini akachomoa kalamu nyekundu na kutia alama ya vema kwenye daftari la kuazima. Watoto waliokuwa kwenye foleni waliiona, na habari ikafika madarasa yote kabla ya kengele.

Mkaguzi, Madam Nalianya, alikuja mara ya kwanza wiki ya saba. Aliketi pembeni akamwona msichana mmoja wa Gredi ya Sita, Yvonne, akirudisha kitabu. Kalondu akavua miwani. Swali la kwanza, "Sijui, teacher." La pili, "Sijui." La tatu halikumaliziwa, mtoto alikwisha toka, na hakuchukua kitabu kingine.

"Watoto wa siku hizi hawapendi kusoma, Madam," Kalondu akasema.

"Huyo amesoma." Nalianya alikifungua kile kitabu. "Ona, mafuta ya chapati mpaka peji ya mwisho."

"Sasa mbona hataki kuongea?"

"Kwa sababu hapa kwako ni mtihani. Wewe ni mwalimu mzuri, hiyo naiona. Lakini mkutubi anapokea kitabu, anasema asante, ananyamaza. Mtoto akitaka kuongea, ataongea."

"Na asipotaka?"

Nalianya alimtazama kidogo. "Basi hataongea. Nitarudi wiki ya mwisho."

Ilimuuma Kalondu. Kukosolewa hakukuwa neno kubwa kwake. Kilichomuuma ni kwamba maswali yale matatu ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake yote ya siku, na sasa ameambiwa ayaache. Alifunga chumba, akatembea kwa miguu mpaka 46, na njia nzima hakukutana na mtu anayemjua.

Kesho yake alitangaza kwenye paredi ya asubuhi, mbele ya shule nzima, kwamba maktaba haina maswali tena. Hakuna aliyemsadiki. Akajifunga kibwebwe kunyamaza, na usidhani kunyamaza ni kazi rahisi. Kupaka rangi stoo kulikuwa afadhali. Kalamu nyekundu aliifungia darasani. Walikuja wawili, wakajaribu, wakatoka salama. Kesho yake wakaja sita. Wiki ya kumi foleni ilizunguka kona, na Mwalimu Shivachi mwenyewe alipita akachungulia, akakosa la kusema.

Wiki ya mwisho Nalianya aliketi karibu na mlango na fomu yake. Yvonne alirudisha hadithi ya mbuzi aliyempeleka chifu mahakamani. Kalondu alikuwa ameisoma mara tatu. Palikuwa na mahali alipocheka peke yake chumbani mpaka akashtushwa na sauti yake. Swali lilimfika kwenye ncha ya ulimi. Yule mtoto ameona pale? Amecheka pia?

"Asante, Yvonne," akasema. "Chagua ingine."

Yvonne alichagua, akatoka, akaketi na mwenzake Waceke chini ya dirisha.

"Hiyo ya mbuzi ushasoma?" Kalondu alimsikia akisema. "Venye huyo mbuzi alimchezea chifu akili pale kortini, nilicheka mbaya. Mathe akaacha kupika, akadhani mi ni mgonjwa."

Palikuwa pale pale alipocheka Kalondu. Wakaanza kuisimulia wote wawili, wakikatizana, wakicheka. Hatua nne tu zilimtenga Kalondu na dirisha lile. Alijua kwamba akichungulia na kusema neno moja watasimama wima na kusema "Good morning, teacher." Akabaki kitini.

Nalianya alitia sahihi, akaja kumshika mkono. "Hongera, Madam. Umepita. Sasa wewe ni mkutubi."

Kalondu alifurahi, kwa kweli alifurahi, na moyo ulimuuma vile vile. Chumba kilikuwa na watoto arobaini na hakuna aliyekuwa na neno naye. Mmoja aliweka kitabu mezani akasubiri.

"Asante," Kalondu akamwambia, akanyamaza.