Meza ya Viti Vitatu

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasikia jasho mgongoni. Nitakusimulia, kwa sababu umenijia tangu asubuhi umevimbisha uso, eti mumeo anapenda kula nje na wewe hutaki, na sasa kila mmoja amemwita mwenzake mshamba. Kunywa chai yako kwanza. Kisha unisikilize, maana ugomvi wenu huo mimi niliupitia kabla hujazaliwa, na nusura univunjie ndoa.

Mimi na baba yako tulikuwa hatujakaa sana tangu tufunge ndoa kanisani. Tulipanga hapa Panda, mtaa huu wa Likasi, katika zile nyumba za zamani za wafanyakazi. Huyo Fidele unayemwona leo anasinzia kwenye kiti alikuwa fundi umeme kiwandani, kijana wa shati lililopigwa pasi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: malewa. Unajua ndivyo tunavyoita hii migahawa ya kando ya soko. Jumamosi ikifika, yeye roho yake iko kwa Mama Odile, mwenye mgahawa mmojawapo. Anataka tukae mezani, yeye na mimi, tule bukari, ugali wetu, na samaki wa kuchoma, au michopo, ile nyama ya mbuzi ya kukatwakatwa mbele ya macho yako. Kwake, mwanaume aliyeketi na mkewe mahali pa watu amemheshimu.

Mimi nilisema bukari ya nyumbani inatosha. Mke mwenye mbabula yake, jiko la chuma, na makaa yake, anakwenda kutafuta nini kwenye sufuria ya mtu mwingine? Majirani watasema moto wangu umezimika. Hayo ndiyo niliyomwambia, na yalikuwa maneno mazuri, lakini hayakuwa yale yaliyonikaa moyoni.

Lililonikaa moyoni ni bibi yako, mama yangu mzazi. Kwetu sisi Waluba, mtu hali mbele ya mama mkwe wake, wala mama mkwe hali mbele yake. Hata kutazamana usoni ni shida, sembuse kutafuna. Ndiyo heshima ya ukwe. Na bibi yako alikuwa akitoka kwa kaka yangu kule Kakanda, lazima apite sokoni Likasi. Je, akitokea pale na kumkuta mkwewe amejaza tonge mdomoni? Kwa hiyo nikienda kwa Mama Odile nilikuwa nakaa na chupa ya soda mkononi, macho barabarani, kama mwizi wa kuku. Baba yako akiniuliza kama namwonea haya, najibu kwamba sina njaa. Alikuwa anaumia, mwanangu. Niliona anaumia, na nilinyamaza.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Mimi huyu mwenye mdomo! Kwanza nilidhani hilo ni jambo ambalo mtu anazaliwa nalo. Nani alifundishwa kwamba moto unaunguza? Pili nilijificha nyuma ya wahenga, kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wahenga walisema pia kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hiyo sikutaka kuikumbuka.

Basi bibi yako akija kutusalimu, nilikuwa namwekea baba yako sahani yake chumbani na kumfungia mlango, kisha mimi na mama tunakula uani karibu na mbabula. Alipouliza sababu, nilimjibu kwamba wazee wanapenda hivyo. Hakuuliza tena. Kumbe kichwani mwake alikuwa ameshajijibu: mama mkwe wangu hanipendi.

Jumapili hiyo mama alikuja kusali nasi. Tulipotoka misani, baba yako alikuwa na furaha ya mtu mwenye siri. Akasema tupitie mahali kidogo. Mama alitangulia nami, yeye akatufuata kwa nyuma, kama inavyotakiwa, nami nikafurahi nikidhani ameanza kuelewa mwenyewe. Nilipoona tunaingia ua wa Mama Odile, nilitaka kumrudisha mama, lakini alikuwa ameshapita mlangoni.

Palikuwa na meza moja katikati, imefunikwa kitambaa cheupe. Viti vitatu. Katikati ya meza sinia moja la samaki mkubwa wa kuchoma na bukari inayotoa moshi, ya kula wote pamoja. Watu walikuwa wamejaa, wengine tunasali nao. Mama aliviona vile viti, akalitazama lile sinia moja, akaelewa yote mara moja. Alivuta kitenge chake akajifunika uso na kuwapa watu mgongo.

Baba yako alidhani ni haya ya mgeni. Mwanangu, alikwenda akamshika mkono mama mkwe wake. Mkono! Akavuta kiti, akamwambia kwa upole wote aliokuwa nao, "Mama, ikala. Tukule pamoja."

Mama aliunasua mkono wake, akatoka. Nilimfuata mpaka dukani upande wa pili wa barabara, ambako mwenye duka, mzee mmoja wa Kiislamu, alimpa kigoda bila kumuuliza kitu. Mama alikaa. Akaniambia, "Bwana yako ananivula nguo mbele ya bantu. Leo tunarudia Kakanda, minye na weye."

Alimaanisha. Bibi yako hakuwa mtu wa kutisha watoto kwa maneno. Teksi za Kakanda zilikuwa palepale zinapiga honi, na nilijua kwamba nikipanda na mama siku hiyo, wajomba zangu watakaa kikao, na kurudi kwangu kutakuwa kesi ya ukoo mzima. Nilimwomba dakika chache nikachukue kikapu changu.

Ndani nilimkuta baba yako amesimama pembeni ya ile meza, na watu wanajifanya wanakula. Hasira ilikuwa imempanda naye. "Nyumbani kuko miko, sawa," akaniambia. "Lakini huku haiko nyumba ya muntu. Juu ya nini anakatala chakula yangu mbele ya bote? Minye niko mulozi?"

Hapo ndipo nilipoelewa ubaya wake. Mama aliona amevuliwa nguo, na yeye aliona ameitwa mchawi, kwa sababu mtu anayekiacha chakula chako mezani na kuondoka amesema kwamba kina sumu. Wote wawili walikuwa wamedhalilishwa kwa sinia moja la samaki. Nikaanza kulia kwa hasira, sijui nimkasirikie nani.

Mama Odile alitoka jikoni. Alikuwa mjane, mtu mzima, mtu wa Kalemie, mzito wa mwili na mzito wa maneno. Alitushika kila mmoja kwa mkono wake akatuingiza jikoni, akafukuza wasichana wake, akafunga mlango. Alimtazama kwanza baba yako. Akamuuliza ni nani aliyemfundisha mambo ya ukwe.

"Hakuna," baba yako akajibu. Kisha likatoka jambo ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia likisemwa hivyo. "Mama yangu alikufa, niko mutoto mudogo. Nilikomalia mu kampi, leo nakula kwa jirani huyu, kesho kwa ule. Muntu akikula na minye, njo najua ananipenda. Sasa mama mukwe akikuya, munanifungia mu chumba na sahani yangu, sawa imbwa."

Nilijua kwamba mama yake alifariki zamani, ndiyo. Lakini kujua habari ya mtu na kujua inapomuuma ni mambo mawili. Nilitaka sakafu inimeze.

Mama Odile akanigeukia mimi. Hakupandisha sauti, na afadhali angepiga kelele. "Na weye Agnes, bukwe ulijua. Ulimuona bwana yako anaenda mu shimo, ukamuambia hauna njaa?"

Nikasema sikujua kwamba yeye hajui. Akaniuliza kama niliwahi kumuuliza. Nikamsihi atoke aende kuzungumza na mama kwa niaba yetu, kwa kuwa yeye ni mtu mzima. Akatikisa kichwa, akachukua mwiko wake wa kusongea bukari. "Ndoa iko yako," akasema, "na kinywa iko yako. Enda."

Nilivuka ile barabara, mwanangu, kama mtu anayekwenda kuzika. Nikapiga magoti mbele ya mama, kitenge changu kipya cha Jumapili kwenye vumbi. Nikamwambia yote: kwamba mkwewe hakumdharau, kwamba hakuwa na mtu wa kumfundisha, na kwamba mimi niliyekuwa na wajibu wa kumfundisha nilimwachia sahani na mlango uliofungwa. Nikamwambia kwamba siendi Kakanda. Hilo lilinitoka kabla sijalifikiri, na nilipolisikia nikaogopa, maana sikuwahi kumkatalia mama kitu maishani mwangu.

Dereva wa teksi aliita, akachoka, akaondoka. Hatimaye mama akauliza, "Hana mama?"

Nikasema hana.

"Hata tantine?"

Nikasema hata shangazi hana. Bibi yako alikuwa na methali yake ya kuwasutia watoto wa watu, ile ya asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hiyo aliianza, akafika katikati, ikamkwama. Akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akasema, "Ambia ule mama anifungie ile samaki."

Sikumwelewa. Nilidhani anataka itupwe.

"Minye hanikule mbele ya mukwe," akasema, kama anayenifundisha mimi. "Lakini sikusema hanikule chakula yake."

Nilikimbia. Nilimletea nusu ya yule samaki na bukari kwenye bakuli, na maji ya kunawa, na alikula palepale kwenye kigoda cha mwenye duka, ameupa mgongo ua wa Mama Odile. Alikula taratibu, alinyonya mpaka mifupa ya kichwa. Baba yako alisimama nyuma ya mlango, hawezi kuchungulia, na kila niliporudi kuongeza maji alikuwa ananiuliza kwa sauti ya chini, "Anakula?" Nikimjibu ndiyo, anafunga macho. Yeye mwenyewe siku hiyo hakuonja kitu.

Baadaye alituma kuku na kitenge kupitia mtu mzima, kuomba msamaha wa ule mkono alioushika, na mama akapokea. Mpaka anafariki hawakuwahi kula wakitazamana. Lakini kila alipopita sokoni alikuwa akituma mtu kuniuliza iko wapi samaki ya mkwe wake.

Sasa usidhani mimi na baba yako tulipatana kuhusu malewa. Yeye bado anapenda kula nje, na mimi bado naona bukari yao ni laini mno. Tunakwenda, tunabishana njiani, tunachagua meza ya nyuma, na ninakula. Maoni mawili ndani ya nyumba moja hayajaua mtu. Kinachoua ni lile neno la kweli unalolificha chini ya "sina njaa". Mficha maradhi, kifo kitamuumbua.

Kwa hiyo kabla hujamwita tena mumeo mshamba, rudi ukamuulize. Mtu akiitaka sana meza, muulize ni nini alichokikosa alipokuwa mdogo. Nawe unayeikataa, mwambie unamwogopa nani. Usimngoje mama mwenye malewa aje kuwafungia jikoni ndipo mjuane. Na kama kuna desturi yetu ambayo yeye hakulelewa nayo, mfundishe kwa upendo na mapema, kwa sababu hakuna anayezaliwa anaijua, hata mimi niliambiwa na mtu.

Nenda, mwanangu, jua bado liko juu. Mungu wa bibi yako akulainishie ulimi, ampe mumeo masikio, na chakula chenu, popote mtakapokilia, kishuke bila kuwakwama kooni.